Kava la Siti Nililolishona Mimi Mwenyewe

Wasomaji wangu, barua ya kwanza hapa chini ilinifikia mwezi wa kwanza. Sikuichapa wakati ule kwa sababu gazeti hili linasomwa mpaka gereji, na kulikuwa na mtu ambaye hakupaswa kuiona. Nilimjibu mwandishi faragha. Leo ameniruhusu kuzitoa barua zake zote mbili pamoja na majibu yangu. Majina tumeyabadilisha.

*

Shangazi Mariamu, shikamoo.

Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana sina mwingine wa kumwambia, mama yangu ana presha na rafiki yangu wa karibu ndiye hasa ambaye siwezi kumwambia. Mimi ni fundi cherehani hapa Rahaleo, wazazi wangu ni Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kabla sijazaliwa lakini mimi ni mtu wa Mtwara, hapa nimezaliwa na hapa nimesoma, na barua hii naiandika mlango nimeutia komeo mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nifungue kibanda changu.

Shangazi, nina mchumba anaitwa Gaudensi, fundi pikipiki, kijana mpole, halewi, mama yangu anampenda kuliko anavyonipenda mimi, na matangazo ya ndoa yetu yameshasomwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja, halafu tufunge ndoa kabla ya Kwaresima. Sasa nina shoga yangu Hadija, mtu wa Ziwani aliyeolewa hapa mjini, mumewe anaitwa Mohamedi na alikuwa bodaboda. Nasema alikuwa kwa sababu katika msimu wa korosho, wakati kila mtu yuko shambani anaokota, Mohamedi alitoka asubuhi na pikipiki yake nyekundu, akaonekana Naliendele amepakia abiria mwanamume, na tangu hapo hajaonekana yeye wala pikipiki.

Walimtafuta, Shangazi. Madereva wenzake waliacha vijiwe vyao vyote wakaenda mpaka Kilambo mpakani, polisi waliandikiwa taarifa, picha yake ilibandikwa sokoni. Halafu maneno ya watu yakaanza, unajua midomo ya huku kwetu, wengine wakasema Mohamedi kavuka mto ana mke upande wa pili, mashemeji wakasema Hadija ndiye aliyemkimbiza kwa kelele zake, na wapo waliosema hata mabaya zaidi, kwamba Hadija anajua alipo. Yeye kila jioni huja kukaa kibandani kwangu kwa sababu kwake wakwe wanamtazama kama mwizi, tunakunywa chai, na swali lake ni lile lile, "Nilza, mimi niko kwenye eda au namsubiri mume? Nikipika, nampikia nani? Nikivaa vizuri wanasema, nisipovaa wanasema." Shehe amemwambia asubiri mpaka ijulikane. Itajulikana lini, hakuna anayejua.

Sasa jambo lenyewe. Kabla ya Krismasi Gaudensi alikuja na pikipiki ya bluu, akasema ameinunua kwa ajili ya shughuli za harusi, nami nikafurahi, nikapanda tukaenda mpaka Mikindani tukarudi. Baada ya sikukuu akaniletea siti yake akasema, "Mke wangu, hili kava limechakaa, nishonee lingine jeusi." Mimi nikaigeuza siti nikaanza kung'oa pini za chini ili nilivue lile la zamani, la rangi ya damu ya mzee, na lilikuwa halijachakaa, Shangazi, lilikuwa zima kabisa, nikawa najiuliza huyu naye anapenda vipya tu, mpaka nilipolipindua upande wa ndani.

Nikaona mshono wangu.

Hadija ndiye aliyeniletea kazi ile mwaka jana, alitaka kumshtukiza mumewe, akaja na siti Mohamedi akiwa amelala, na nilipokuwa namalizia uzi mweusi ukaniishia nikamalizia kwa ule wa kijani wa sare za shule, nikamwambia Hadija upande huu hauonekani mtu akishakaa, tukacheka. Uzi ule wa kijani ndio uliokuwa mkononi mwangu. Kuanzia kona ya nyuma mpaka katikati, na pale nilipokosea mwaka jana nikarudia mara mbili, pamerudiwa mara mbili.

Nilijisemea labda amenunua kwa mwizi bila kujua. Lakini Gaudensi ndiye aliyekuwa akiitengeneza pikipiki ya Mohamedi, Shangazi, kila ikigoma ilipelekwa kwake. Nikamuuliza kama mtu anayepiga soga tu, hii pikipiki uliipata wapi, akasema Nanyamba kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa. Wiki hiyo hiyo mama yangu akamuuliza mezani, akasema Masasi kwa binamu yake. Mimi nilikuwa namtilia mchuzi, nikaumwaga pembeni.

Lile kava sikulitupa, nililikunja nikaliweka chini ya meza ya kukatia, nyuma ya vipande vya vitenge. Nikamshonea jeusi kama alivyotaka. Siku ya pili akaja.

"Lile la zamani umelipeleka wapi?"

"Nimelitupa."

"Wapi?"

"Jalalani, Gaudensi. Wewe linakuhusu nini?"

Akacheka. "Nauliza tu, mke wangu. Si ningelitumia kufutia oili."

Siku iliyofuata akauliza tena. Tangu hapo kila asubuhi anapita, anavuta kigoda anakaa mlangoni, anatazama ninavyofanya kazi, wakati zamani alikuwa hana muda huo. Juzi Hadija alikuja akamkuta, akamwamkia, akamwambia "Shemeji, wewe unazunguka na watu wa pikipiki wengi, hujasikia lolote?" Gaudensi akamwangalia usoni akamjibu, "Dada, tumwachie Mungu," na akamsukumia kikombe cha chai. Mimi mguu wangu ulikuwa unagusa lile kava chini ya meza.

Na Jumapili padri aliposema mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii atoe taarifa, watu wote walinigeukia wakinichekea, nami nikachekelea.

Shangazi, nifanye nini? Nimuulize Gaudensi waziwazi aniambie ukweli, labda ana maelezo? Nimkabidhi Hadija kava lake ajiamulie? Au nilichome moto niolewe, maana hata nikisema, Mohamedi hatarudi, na mimi nimekuwa namjua huyu mwanamume kwa miaka mitatu na hajawahi hata kunifokea. Namwogopa na nampenda kwa pamoja. Nisaidie.

Nilza, Rahaleo

*

Nilza,

Marahaba. Nimekusoma mara mbili na nakujibu leo leo, kwa hiyo usitegemee maneno matamu.

Pole nakupa, na unaistahili. Kugundua jambo kama hilo juu ya mtu uliyekusudia kuzaa naye ni msiba, tena msiba usio na wa kukupa mkono. Lakini baada ya pole nakugombeza. Umekaa na kitu hicho chini ya meza zaidi ya wiki, na kila jioni mwanamke mwenzio anakaa kando yake akikuuliza kama yeye ni mke au mjane. Unamwogopa Gaudensi, nakuelewa. Ila usiniambie eti "labda ana maelezo". Fundi aliyeifungua na kuifunga pikipiki ile mara zote hizo hawezi kushindwa kuitambua kwa sababu imepakwa bluu. Ametoa majibu mawili kwa swali moja. Anauliza habari ya kitambaa kilichotupwa. Anakulinda mlangoni asubuhi. Mwanangu, huyo hajaja kukutazama kwa mapenzi. Anataka kujua umeona nini.

Sijui amefanya nini. Pengine amepokea tu kitu cha wizi, pengine ni zaidi. Si kazi yako wala yangu kujua. Ipo kazi ya watu.

Kwa hiyo: usimuulize. Usinune, usibadilike, chai mpe kama kawaida, lakini usipande pikipiki ile tena na usikubali kwenda naye popote nje ya mji. Akikuita twende tukaone shamba, unaumwa tumbo.

Usimpe Hadija kava. Najua moyo wako unakutuma huko, lakini atapiga ukunga, Rahaleo yote itasikia, na kabla ya magharibi mtu wako atakuwa ameshavuka Ruvuma. Utakuwa umempa Hadija kitambaa na kumnyima mumewe.

Moto usiutaje tena mbele yangu.

Nyinyi Wamakonde mna mjomba, na mjomba kazi yake ndiyo hii. Mwendee wa kwako, kaka wa mama yako. Mwambie yote, halafu yeye akusindikize kituoni kwa anayepeleleza kesi ya Mohamedi, si kwa askari yeyote utakayemkuta kaunta. Kava lipeleke kama lilivyo, usilifue, usiongeze hata mshono mmoja. Sema ulichokiona na ulichokisikia, usiseme unachodhani. Wakikuuliza kwa nini umechelewa, waambie uliogopa, ndiyo kweli yenyewe.

Na kabla ya Jumapili nenda kwa padri umwombe asisome tangazo la tatu. Huna haja ya kumweleza sababu. Mwambie ipo.

Fanya kesho.

Shangazi Mariamu

*

Shangazi yangu, shikamoo tena.

Nilifanya kama ulivyosema. Mjomba Adelino alinisikiliza bila kunikatiza hata neno, akavaa shati lake la kwendea kanisani, tukaenda. Mpelelezi alilichukua lile kava akaligeuza upande wa ndani akanitaka nishone mstari mmoja kwenye kitambaa kingine mbele yake alinganishe mishono, nikashona. Gaudensi alikamatwa gereji siku hiyo hiyo. Namba ya chesisi alikuwa ameifuta kwa msasa, ya injini hakuifuta.

Ikabainika kwamba abiria wa Naliendele alikuwa Osvaldo, binamu yake yule yule aliyemtaja mezani, ila si mtu wa Masasi. Osvaldo ndiye aliyemfanyia Mohamedi ubaya ule, kwenye njia ya kuelekea mtoni, na Gaudensi ndiye aliyemwelekeza ni pikipiki ipi bado nzuri na mwenyewe huwa anapaki wapi. Anasema yeye alijua itakuwa wizi tu. Anasema alipoambiwa mwenye nayo amekufa alikuwa ameshaanza kuipaka rangi. Shangazi, mimi maneno hayo nimeambiwa na mjomba, na mpaka leo sijui hata niyaweke wapi, ameshaanza kuipaka rangi.

Osvaldo aliwapeleka askari kwenye mikoko, kule mto unapokaribia kuingia baharini, nyuma ya mashamba ya mpunga. Hadija alimtambua mumewe kwa sweta alilomfumia. Wamemzika Ziwani. Shehe amemhesabia siku za eda zilizobaki, na amekwenda kuzikaa kwa mama yake huko huko, na wale mashemeji waliokuwa wakimwita mkimbiza mume sasa wanampelekea kuni.

Nilidhani nikishasema nitapumua. Sijapumua. Hapa mtaani wananiangalia mimi, wanasema mchumba wake, pikipiki amepanda, kava jipya kashona yeye, haiwezekani alikuwa hajui, wameona hawagawani vizuri ndiyo maana kamchoma mwenzie. Wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo bado sijavikata. Nikipita kwenye kijiwe cha bodaboda wananyamaza.

Halafu mama yake Gaudensi alikuja. Alipiga magoti, Shangazi, mtu mzima yule, juu ya vumbi la vipande vyangu. "Mkwe wangu," akasema, "mwanangu hakumgusa mtu. Uzi wa kijani uko dukani umejaa tele, kila fundi anao. Waambie tu umefananisha. Neno moja tu, mwanangu, umefananisha." Nikamwinua. Akaniambia atarudi.

Na kubwa kuliko yote, nilimtumia Hadija salamu za rambirambi kupitia dada yake Fatuma, akarudi na jibu. Fatuma alilitamka akiwa amesimama nje, hakutaka kuingia. "Anasema nikuulize. Kweli ulikuwa unampa chai na kava la mumewe liko chini ya meza?"

Sasa nataka kufunga kibanda nihamie Dar, kwa shangazi yangu wa Mbagala, nikaanze upya ambako hakuna anayenijua. Kama mahakama itanitaka, watanitafuta. Unasemaje?

Nilza

*

Nilza mwanangu,

Nasema hapana.

Umefanya kitu kigumu, na nakuvulia kilemba. Mtaa unaokunyooshea kidole ni ule ule uliomnyooshea Hadija, na kesho utapata mwingine. Lakini ukihama leo umewapa ushahidi kwa mkono wako mwenyewe. Fungua kibanda kila siku, saa zile zile. Wateja wawili wameondoka, sawa, suruali zao zikichanika watarudi.

Mama Gaudensi mhurumie, kwani amempoteza mtoto naye yungali hai. Msalimie, mpe kiti, halafu mwambie hivi: "Mama, sikufananisha, na sitasema nimefananisha. Tafadhali usinijie tena kwa jambo hili." Akirudi, au akimtuma mtu, mjulishe mpelelezi siku hiyo hiyo. Kumbembeleza shahidi abadilishe maneno ni kosa, na huyo mama asije akaishia ndani pamoja na mwanawe kwa sababu wewe uliona haya kusema. Mahakamani utakwenda. Hata ikichukua miaka, utakwenda.

Hadija amekuuliza swali, na swali lile halijibiwi kwa kumtuma Fatuma. Nenda Ziwani. Mchukue mke wa mjomba wako, msiende mikono mitupu, pelekeni unga na mafuta, mfanye kazi kama wanavyofanya wanawake msibani. Ukipata nafasi ya kusema naye, mjibu: ndiyo, nilikupa chai na lilikuwa pale, niliogopa. Ishia hapo. Usiseme "lakini". Usimwambie kwamba bila wewe mumewe asingepatikana. Analijua hilo, na halimsaidii leo. Msamaha usimwombe, maana atalazimika kukujibu, na huyo kwa sasa ana mizigo ya kumtosha.

Akikataa kukuona, kubali, umalize kazi uliyoikuta, urudi nyumbani.

Shangazi Mariamu

*

Wasomaji wangu, wengi mtataka kujua. Nilza alikwenda na mke wa mjomba wake. Ameniandikia kwamba mama yake Hadija aliwapokea barazani, akapokea unga, akamwonyesha kisu na beseni. Hadija alikuwa ndani, mlango umerudishiwa. Nilza alikaa na wale akina mama wakamenya mihogo, na hakuna aliyemsemesha ila kumwambia sogea kidogo, lete maji. Fatuma alipita mara kadhaa bila kumtazama.

Katikati ya asubuhi alisogea karibu na mlango akasema yale maneno, bila kuongeza. Akarudi kwenye beseni lake.

Adhuhuri ilipoadhiniwa waliaga. Walikuwa wameshafika uani, pale kuku wanaposhinda, Hadija alipopaza sauti kutoka chumbani, hakumwita Nilza bali mama yake.

"Mama, mwulize huyo, yule mama mkwe wake tuliyesikia alimpigia magoti, amerudi tena kwake?"

Mama akamgeukia Nilza. Nilza akasema amerudi mara moja, na kwamba amemjulisha mpelelezi.

Wakageuka kuondoka.

"Basi mwambie siku ya kwenda kusema mahakamani apitie hapa kwanza," Hadija akasema. "Nitakwenda naye."

Shangazi Mariamu